Mguu wa Kulia Ulikuwa wa Mwalimu

Mwalimu wa michezo hakuwahi kunichapa mguu wa kulia. Alinichapa viganjani, mgongoni, na zaidi kwenye shavu la mguu wa kushoto, lakini wa kulia hakuugusa. Kila mpira niliopiga ukapita nje ya miti ya goli ulikuwa na fimbo yake. Niliipokea nimesimama, mikono nyuma, wenzangu wamekaa pembeni wakingoja niurudie ule ule.

Hiyo ilikuwa Nachingwea, katika shule ya kati ya bweni, miaka ya hamsini. Wazungu wa ule mradi wa karanga walikuwa wameshaondoka wengi wao, wakatuachia mashamba makubwa yaliyolimwa na matrekta na kutelekezwa. Uwanja wetu ulikuwa kipande cha mashamba hayo. Haukuwa na kisiki hata kimoja, ila udongo wake ulikuwa umeshindiliwa na minyororo ya yale matrekta mpaka ukawa kama saruji. Ukianguka pale uliinuka umeacha ngozi.

Mimi ni mtu wa Malolo, upande wa Ruangwa. Baba alikufa mimi na mdogo wangu tukiwa watoto, na kwa desturi yetu mwenye kauli juu yetu akawa mjomba. Mjomba alitaka nirudi nikafyeke pori apande mikorosho. Mama alimwomba aniache nimalize darasa la nane, na kila alipopata nafasi alitembea kutoka Malolo kuniletea unga wa muhogo na karanga za kukaanga. Hakujua vizuri Kiswahili. Alipofika shuleni alisema na walimu maneno machache, akacheka kidogo kwa aibu, kisha akageukia Kimwera na kusema na mimi.

Mwalimu aliniona nikiwa darasa la tano. Mpira ulikuwa umetoka nje mbali, nami nikaurudisha kwa teke moja, ukapita juu ya vichwa vya wote waliokuwa uwanjani. Alikuwa mtu mfupi, msafi, kaptula yake imepigwa pasi hadi mkunjo unakata, na sauti yake ilikuwa ya chini daima. Aliniita, akainama, akaubonyeza mguu wangu kwa kidole kuanzia gotini hadi kwenye kisigino. Akaniambia kwamba kuna chuo cha ualimu huko bara, na kwamba kila mwaka mwalimu mmoja wa chuo hicho huja kutazama mechi yetu na shule ya Ruangwa, kisha huchukua mchezaji mmoja wa darasa la nane. Akasema nikimsikiliza, huyo mmoja nitakuwa mimi.

Nilimsikiliza. Mwalimu katika Malolo ya siku zile alikuwa mtu mwenye viatu na nyumba ya mabati, mtu ambaye hata jumbe humngoja amalize kusema. Nilipolala niliona viatu hivyo.

Mchana, wenzangu walipoingia kwenye hesabu na Kiingereza, mimi aliniita uwanjani. Hesabu nitaikuta chuoni, alisema. Siku za mvua aliulowesha mpira ndani ya ndoo mpaka ngozi yake ikanywa maji na kuwa nzito kama jiwe, akaniamuru niupige kwa miguu mitupu. Kucha ya kidole gumba iling'oka. Alikifunga kidole kwa kitambaa na kuniambia niendelee, kwa sababu mpira hupigwa kwa mgongo wa mguu, si kwa kucha.

Alinipa pia maharage ya ziada. Maharage hayo yalitoka kwenye sahani ya mchezaji yeyote aliyekosea siku hiyo. Mwalimu alimsimamisha mwenye kosa mbele ya meza, akamimina maharage yake kwenye sahani yangu, na kumwambia anitazame ninavyokula. Nilikula. Nisingekula angenichapa. Kwa hiyo timu niliyoipigia magoli ilinichukia. Walikojolea mkeka wangu, na nilipotoa pasi hawakunirudishia mpira.

Mwaka nilipokuwa darasa la nane, Ruangwa walikuja kwetu. Tuliwafunga kwa penalti moja na kwa mpira wa adhabu nilioupiga kutoka karibu na katikati ya uwanja. Ule wa pili kipa wao hakuuona. Aligeuka akaukuta nyuma yake.

Baada ya mechi mgeni wa chuo alikuja kwangu. Alikuwa mrefu, mwenye suruali ndefu na kofia. Alinishika paja kama mtu anayenunua mbuzi, akaniuliza niko darasa gani, nina umri gani, na kama naweza kusoma Kiingereza. Nilijibu kama nilivyoweza. Akaniambia, "Januari tutaonana."

Mfanyabiashara mmoja wa ufuta alikuwa akienda Malolo, nikamtuma kwa mama na habari hiyo. Baadaye nilisikia kuwa mama alizunguka nyumba zote za jirani akitoa habari, na kwamba hata mjomba alikubali kungoja. Mama alinunua kitambaa cheupe akampa fundi anishonee shati la kwendea chuoni.

Mwisho wa mwaka yalisomwa majina ya wanaomaliza. Langu halikuwemo. Lilisomwa pamoja na ya wale wanaorudia darasa, waliokuwa wawili tu, na mwenzangu alikuwa mgonjwa karibu mwaka mzima.

Nilikwenda nyumbani kwa mwalimu. Nilimkuta anakula. Nilisimama mlangoni, nikamwamkia, nikamwambia kwamba nadhani jina langu limesomwa kwa makosa.

"Hakuna kosa," alisema. "Mgeni aliniuliza habari zako. Nilimwambia hujaiva."

"Lakini Mwalimu, aliniambia tutaonana Januari."

"Alikuambia Januari ya mwaka gani?"

Alimega ugali, akachovya, akatafuna taratibu. Kisha akanieleza kama mtu anayemfafanulia mtoto jambo jepesi. Mwaka unaofuata mechi ingechezwa Ruangwa, na shule yetu haijawahi kuwafunga kwao. Nikiondoka, nani atapiga? Tukiwafunga kwao, alisema, atanipeleka chuoni yeye mwenyewe kwa mkono wake. Mkuu wa shule alikuwa ameshakubali. Nilibaki nimesimama, nikidhani ataongeza neno. Aliongeza. Aliniambia nifunge mlango nikitoka, inzi wanaingia.

Mama alifika siku chache baadaye na lile shati. Nilimwambia narudia darasa. Aliniuliza ni somo gani nililoshindwa. Nikamwambia sikushindwa somo lolote. Aliliweka shati mapajani mwake na kulilainisha kwa kiganja, na mimi nikajua haniamini. Alidhani nimefeli na naona aibu kusema. Mpaka anakufa sikuweza kumwondolea wazo hilo lote.

Mwaka wa pili ule nilipiga kwa hasira, na hasira ilinisaidia. Fimbo zilipungua. Mwalimu alianza kunisifu mbele ya watu, jambo lililowafanya wenzangu wanichukie zaidi.

Tulikwenda Ruangwa kwa lori, tukapitia Nanganga, tukiwa tumesimama nyuma na vumbi limetugeuza wote rangi moja. Uwanja ulikuwa umejaa. Watu wa Malolo walikuwa wametembea tangu alfajiri, na mama alikuwa miongoni mwao. Hakuwa amewahi kuniona nikicheza. Alisimama na watu wa Ruangwa kwa sababu ndio aliowajua, wala hakujua kwamba hao ndio wapinzani wetu.

Beki wao alikuwa kijana aliyekwisha ota ndevu. Kabla ya filimbi alikuja akasimama karibu nami, akaniamkia vizuri, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo nimeambiwa nisiuguse mpira."

Sikumwelewa mpaka mara ya kwanza nilipoupata. Nilikuwa nimeingia ndani ya eneo la penalti. Alikuja na mguu wake mzima, hakuutazama mpira, akaukanyaga muundi wangu wa kulia. Niliusikia mfupa kabla ya kuhisi maumivu. Ulilia kama mti mkavu wa muhogo. Nilianguka nikapiga kelele, na watu wakacheka, kwa maana walidhani najiangusha.

Mwamuzi alitoa penalti. Mwalimu alikuja mbio. Hakunishika kichwa wala bega, aliushika mguu. Aliubonyeza kwa kidole kama siku ile ya kwanza, na nilipolia akauachia. Nilidhani ataita watu wanibebe. Aliwaita wachezaji wawili, akawaambia wanisimamishe.

"Mwalimu, umevunjika," nilimwambia.

"Ni mpira mmoja tu," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Upige huo, halafu utalia."

Wenzangu wawili walinishika kwapani wakanikokota hadi kwenye mpira. Mwamuzi aliuliza kitu, mwalimu akamjibu kwamba mvulana mwenyewe ametaka. Waliniachia. Nilisimama kwa mguu wa kushoto, nikaupiga ule uliovunjika kwenye mpira.

Mpira ulibiringika. Ulikwenda polepole sana, ukadunda kidogo kwenye kijiwe, ukaendelea. Kipa alikuwa na wakati wa kuutazama. Hakuinama. Aliungoja ufike akausimamisha kwa unyayo, na uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Mama aliniambia baadaye kwamba naye alicheka, kwa sababu wote waliokuwa karibu naye walicheka, na alikuwa hajajua bado ni nani aliyepiga.

Sikuona mechi iliyobaki. Nilizindukia kando ya lori, nimelazwa chini, mama amenishika kichwa. Tulikuwa tumefungwa. Mgeni wa chuo alipita na kipa wa Ruangwa akiwa nyuma yake, na nikaelewa kuwa mwaka ule amemchukua huyo. Alisimama, akanitazama, akamuuliza mwalimu wangu, "Huyu si yule wa mwaka jana?"

"Hapana," mwalimu alisema. "Yule alishaondoka."

Wakaenda.

Sikurudi Nachingwea. Mama na jamaa walinibeba kwa machela hadi Malolo, na mzee mmoja wa kwetu aliyejua kuunga mifupa akanifunga vijiti. Mfupa uliunga upande. Nilipoweza kusimama mguu ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, na mjomba akasema mtu hahitaji miguu iliyolingana kufyeka. Alinipa panga. Nilifyeka nimekaa chini, nikijisogeza kwa makalio, mpaka pori la mikorosho yake likaisha.

Kiangazi kilichofuata mwalimu alikuja Malolo kwa baiskeli. Mama alipomwona alidhani amekuja kunichukua nimalize shule. Alichinja kuku. Mimi pia nilidhani hivyo, nikaoga na kuvaa lile shati jeupe. Mwalimu alikula, akanawa, akamshukuru mama. Kisha akasema amesikia mdogo wangu ana mguu mzuri.

Mjomba aliuliza kama sare itatolewa na shule. Mwalimu akasema itatolewa. Mjomba akasema basi aende. Mama alikuwa bado ameshika bakuli la maji ya kunawa. Alijikaza akasema kwa Kiswahili chake, "Mwalimu, na huyu wa kwanza? Umemaliza naye?"

"Huyo nimemaliza naye, mama."

Mdogo wangu alipanda kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli akiwa anacheka kwa furaha. Nilimwonea wivu, na nilimwogopea, na sikumwambia neno hata moja.

Kabla msimu wa mechi haujafika, mwalimu alihamishiwa wilaya nyingine. Aliyekuja badala yake alipenda kwaya, mpira hakuujali. Mdogo wangu akaachwa akae darasani mchana kutwa. Alimaliza darasa la nane, akaenda chuo cha ualimu, si kile cha yule mgeni ila kingine cha namna hiyo hiyo.

Alirudi likizo ya kwanza amevaa viatu. Tulikaa nje ya nyumba ya mama, ufuta umesimamishwa kukauka mbele yetu. Nilikuwa na swali moja tu tangu aondoke. Nikamuuliza, siku ya kuchaguliwa, walimtaka apige mpira wa namna gani.

Hakuelewa. Nilirudia.

"Kaka," alisema, "hakuna aliyeniuliza habari za mpira. Walinitahini hesabu na Kiingereza."

Alisema hivyo kwa upole, kisha akavua viatu ili visiingie vumbi, akaniuliza kama ule ufuta uko tayari kukung'utwa. Nikamwambia upande ule wa mbele bado mbichi. Tukainuka, tukaenda kuugeuza.