Wakishatoka Ndugu

Mama anayejitolea kuwashauri watoa figo, akishuka kutoka kijijini Mamba kuja kliniki ya figo mjini Same, vidole vyake bado vinanukia tangawizi. Huwasalimu ndugu wa mgonjwa mmoja mmoja, kisha huwatuma wakanywe chai, abaki na yule waliyemleta kutoa figo. Juzi alibaki na Careen, aliyeletwa kumwokoa kaka yake.

“Naogopa, mama.”

“Usipotaka, daktari atawaambia hufai, basi. Sababu itabaki humu ndani, mwanangu.”

Careen akashusha pumzi. Mama akapapasa kovu lake la ubavuni, akamkumbuka marehemu kaka yake mwenyewe alivyorudi kupiga mluzi kwenye matuta ya tangawizi baada ya yeye kumpa figo. Angempa tena hata leo. Ila siku ya kuamua, ukoo mzima ulijaa chumbani, na hakuna aliyemuuliza kama anataka.