Mama wa Kirumi Aliyepunguzwa

Mume wangu Anselme alikuwa mchoraji wa historia: vita, wafalme, Warumi. Hivyo ndivyo alivyojitambulisha kwa watu hapa Paris. Kwa kweli, miaka thelathini nzima alinakili picha za mabingwa waliokufa zamani, zikatundikwe kwenye makanisa ya mashambani. Simcheki. Alijua kuiga mikunjo ya joho la Bikira hadi ukatamani kulipiga pasi.

Kwenye jumba la picha za mabingwa hao kuna sheria ambayo wanakili hulala nayo na kuamka nayo: nakala isilingane kwa ukubwa na picha yenyewe, watu wasije wakauziwa bandia. Anselme alizoea kupunguza sehemu moja ya tano. Alipunguza mitume, akapunguza farasi, hata Goliathi alimpunguza.

Alipofika miaka hamsini na minane akaapa kwamba mwaka ule atapeleka picha yake mwenyewe kwenye maonyesho makuu. Majaji waikubali, au azikwe akiitwa mnakili. Turubai la kuchorea lilijaza chumba cha kulia, tukahamia jikoni. Picha ilikuwa ya mama wa Kirumi akiwakabidhi wanawe wawili ngao waende vitani. Wale wana aliwatoa kichwani kwa miezi minane, nami niliwatambua: mmoja Malaika Mikaeli, mwingine Mtakatifu Sebastiani aliyeng'olewa mishale. Nikamwambia. Akanuna siku mbili.

Mama hakumpata kichwani kabisa. Kila uso uliomjia ulikuwa wa Bikira. Basi nikajitanda shuka, nikashika sinia mahali pa ngao, nikasimama siku kumi na tisa magoti yakinilalamikia. Alifunga nyuzi za miraba mlangoni, zile za kupimia anaponakili, akaninakili kama alivyozoea. Uso ukatoka wangu, pua hii hii na ukaidi wake. Akasema ndio uso wa kwanza maishani mwake ambao hakuuazima kwa mtu.

Zilipobaki siku nne za kupeleka picha akaja Fulbert, mnakili mwenzake. Akaitazama picha, akala mkate wetu, akaitazama tena.

"Shemeji," akaniambia, "haya majitu uliyazaaje?"

Tukaangalia. Wanangu nilikuwa nawafikia kifuani. Mkono wa Anselme ulikuwa umenipunguza sehemu moja ya tano, kwa sheria, bila kumwuliza mwenyewe.

Aliketi sakafuni. Kisha akainuka na kisu cha kukwangulia rangi. Nikasimama mbele ya turubai.

"Toka hapo, Léonie. Nitakuchora upya, mkubwa."

"Kwa siku nne? Utaniwekea tena sura ya Bikira. Mkwangue Sebastiani."

"Yule ni miezi minane."

"Na mimi ni miaka thelathini."

Akakiweka kisu chini. Fulbert hudai mpaka leo kwamba ni yeye aliyesema, lakini ni mimi: mtu akiwa mbali huonekana mdogo, basi nisogezwe mbali. Anselme akaifunika miguu yangu kwa kizingiti, akachora vigae vya sakafu vikifinyika kuja kwangu. Nikawa nimesimama nyuma kabisa, mlangoni, ngao kifuani. Wanangu kule mbele wamenyoosha mikono, na hakuna wanachopokea. Siku ya kurekebisha mikono haikuwepo.

Majaji waliikubali. Ilitundikwa juu karibu na dari, lakini ilitundikwa, na watu walikunja shingo kuitazama. Walisema hawajaona mama wa Kirumi anayekataa kutoa ngao. Mwanamke mmoja aliyevaa nguo za msiba akamwuliza Anselme amejuaje jambo hilo, kwamba mama hataki kuitoa. Anselme akaiweka sawa tai yake, akamweleza kwa kirefu, kana kwamba alilipanga tangu utotoni. Kicheko kilinifika kooni. Lakini yule mwanamke alimshika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakimtoka, nikakimeza.

Kwenye kitabu cha maonyesho waliandika jina lake, na mbele yake: mchoraji wa historia. Aliniomba nimsomee, yeye aliyesoma shule, mimi ninayefuata herufi kwa kidole. Nikamsomea, taratibu, kila alipotaka.