Mwezi Mzima wa Maziwa ya Moto

Shule ya wauguzi ya Walikale ilifungwa mwaka 1964, vita vilipokaribia, zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya mtihani. Daphrose Kayitesi akarudi kwao Kirolirwe na madaftari mawili na blauzi nyeupe ambayo hakuwahi kuivaa. Hakuwa na breve, cheti cha kumruhusu kushika sindano, na sheria ilikuwa sheria. Zahanati ilimpokea, lakini sindano zilikuwa za muuguzi Gustave, mwenye breve. Daphrose alipewa kazi ya kufundisha kina mama. Kila asubuhi alichemsha sindano za Gustave, akazipanga juu ya kitambaa, kisha akarudi nyuma hatua moja.

Mwaka wa pili watoto wa wafugaji wakaja wengi, na homa zisizokwisha. Daphrose akafundisha kwamba homa hizo hutoka kwenye maziwa mabichi, na kwamba maziwa yachemshwe kwanza. Kina mama wakainamisha vichwa. Mzee Nzabandora, ambaye mjukuu wake alikuwa amelazwa, ndiye aliyesema.

"Maziwa ikipita ku moto, chuchu za ngombe zinapasuka, inakauka. Mama yako hakukuambia?"

"Aliniambia, Papa."

"Sasa masomo njo ilikusahaulisha?"

"Nitachemusha ya ngombe yangu, ile moja tu niko nayo. Kila asubuhi, mbele yenu, mwezi muzima. Ikikauka, mimi njo nitalala njaa."

Mzee akacheka. "Hata siku moja isikose! Na ukamue weye mwenyewe."

Siku ya kumi na tisa lori lilileta barua: wanafunzi wote wa 1964 wafike Walikale Jumatatu, kwa mtihani. Gustave aliisoma mara mbili.

"Dada, wende! Hiyo ngombe nitakukamulia."

"Weye? Unaogopa hata ndama."

"Nitafunga macho."

Daphrose alicheka mpaka akakaa chini. Jioni ile aliipiga pasi blauzi, akaitundika ukutani, akaitazama. Akiondoka, watasema ng'ombe amekauka na mwenyewe amekimbia aibu. Hakuna mama atakayeweka maziwa motoni.

Jumatatu asubuhi alikuwa amechuchumaa mbele ya moto. Aliwaza lile dawati lake karibu na dirisha, mvua ya msituni juu ya bati, mtu akisoma majina, akifika kwenye lake, akingoja kidogo. Maziwa yakapanda. Akayaepua.

Mwezi ulipotimia, Nzabandora alikuja peke yake. Alizipapasa chuchu za ng'ombe moja moja, akakamua kidogo kiganjani, akaonja. Kisha akapaza sauti kuelekea kwake, ng'ambo ya ua, akamwita mke wa mwanawe, mama wa yule mtoto:

"Vestine! Leta sufuria. Ya kwetu pia ipite ku moto."

Mtihani mwingine haukuitishwa miaka ile. Mjukuu wa Nzabandora alipoanza kuchunga, alimwita Daphrose "Mama Muganga", jina wanaloitwa wauguzi wenye breve, naye hakuitika mara ya kwanza. Na kila lori la barua liliposimama barabarani, alitoka mlangoni na mikono yake iliyolowa, akangoja hadi gunia la mwisho lishushwe.