Perpetua Bonareri wa Magwagwa, Aliyemwosha Mkwe Wake Akiwa Amefunga Macho

Alizaliwa mwaka 1914, msimu wa kuvuna wimbi, katika mji wa baba yake kwenye mteremko ulio chini ya Kebirigo. Wazazi wake walimwita Bonareri. Alipofikisha miaka kumi na sita alibatizwa akaitwa Perpetua, na katekista aliyemfundisha alisema hakuwahi kupata mwanafunzi mwenye maswali mengi na subira kidogo kiasi kile. Neno hilo la subira limewasumbua baadhi ya waamini, ambao wangependa mtakatifu wao awe mpole tangu utotoni. Lakini wote waliomjua wanasema vilevile, na hakuna sababu ya kulificha. Kanisa bado halijatamka lolote juu yake. Ni watu wa Magwagwa wenyewe wanaomwita mtakatifu.

Mwaka 1932 aliolewa Magwagwa na Onyancha, mwana wa kwanza wa mzee Nyasani, wakapata mtoto mmoja, Thadeus. Kisha Onyancha alikwenda kufanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho, akawa anaandika kila mwaka kwamba angerudi Krismasi. Mama mkwe alipougua, mwaka 1937, Perpetua ndiye aliyemuuguza. Kabla ya kufa, mama huyo alimshika mkono akamwambia, "Usimwache mzee wangu alale kwenye uchafu." Perpetua akaahidi. Mwaka haukuisha kabla mzee Nyasani hajaanguka zizini, na tangu siku hiyo miguu yake na mkono wake wa kuume havikumtii tena.

Hapo ndipo ahadi ilipogeuka mzigo. Wagusii wana sheria za haya ziitwazo chinsoni: mke wa mwana hamgusi baba mkwe, wala haoni mahali anapolala. Mabinti wa mzee walikuwa wameolewa mbali. Mwanawe wa pili, Manasseh, aliishi papo hapo, lakini alishikilia kwamba kuosha mgonjwa ni kazi ya wanawake. Basi Perpetua alipika uji wa wimbi akauacha mlangoni, na akiwa nje ya ukuta alimwelekeza Manasseh jinsi ya kumgeuza mgonjwa. Manasseh alimgeuza siku alizokumbuka. Kufika mwezi wa tatu mgongo wa mzee ulikuwa na vidonda, na harufu ilifika jikoni. Dresa wa zahanati alitazama, akasema wazi kwamba vidonda visipooshwa na kukaushwa kila siku, mzee hataumaliza msimu wa mvua.

Perpetua aliwaendea wazee wa ukoo. Machogu, ndugu wa Nyasani, alimsikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa mtu mbaya, kisha akajibu kwamba jambo hilo haliwezekani. Hapo mama huyu akaishiwa na maneno laini. "Mwanamume anasema si kazi yake. Mwanamke mnamkataza. Sasa aoshwe na nani, baba, na mvua?" Machogu akamwonya kwamba kosa kama hilo lingedai mbuzi wa kuutakasa mji. "Mbuzi nitamleta," akajibu. "Ninyi nileteeni mtu wa kumgeuza kesho asubuhi." Hawakumleta mtu.

Lakini aliyekuwa mgumu kuliko wazee wote ni mgonjwa mwenyewe. Perpetua alisimama nje ya ukuta wa udongo akamsihi, akamkaripia, akamsihi tena. "Baba, nimechoka na haya yako. Unaoza!" Kisha mzee akasema polepole, kwa ulimi mzito, "Mke wa Onyancha, miguu imekwenda. Mkono umekwenda. Haya ndiyo iliyobaki. Mkono wako nitauvumilia. Macho yako siwezi." Wanaosimulia husema kwamba Perpetua alikaa chini palepale kwenye matope akalia, na alilia kwa hasira. Tangu vidonda vitokee alikuwa akidai mlango ufunguliwe, na sasa tu ndipo alipojua mzee alikuwa akilinda nini. Akaenda nyumbani kwake, akararua pindo la shuka jeusi, akajifunga macho mizunguko miwili, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akaingia.

Asubuhi hiyo ya kwanza haikuwa na utukufu wowote. Alikanyaga kibuyu, akamwaga nusu ya maji kitandani.

"Kushoto!" mzee alifoka. "Kushoto, nimesema! Hilo ni sikio!"

"Basi tulia, nipate kujua mgongo uko wapi!"

Manasseh, aliyekuwa uani, alicheka mpaka akashika nguzo ya ghala. Hata hivyo mzee alioshwa, vidonda vikakaushwa, akalazwa juu ya majani makavu ya mgomba yaliyosuguliwa yakawa laini. Ikawa hivyo kila siku kwa miaka kumi na mmoja, kwa utaratibu uleule: maji yalipimwa kwa kiwiko, ukafuata uso, kifua, mgongo, miguu, kisha sala, ambayo mara nyingi ilikuwa fupi. Machogu alikuja kujionea. Alikaa mlangoni asubuhi nzima, akaondoka, na habari ya mbuzi hakuitaja tena. Dresa aliporudi baada ya mvua alikuta vidonda vimefunga, akauliza mara mbili kama huyo ndiye mgonjwa yuleyule. Hilo watu wameliita muujiza. Wengine hutaja jambo jingine, kwamba katika miaka yote hiyo ya kumimina bila kuona, maji ya moto hayakumchoma mzee hata mara moja.

Majaribu hayakukoma. Mzee alificha ugali chini ya ngozi ya kulalia mpaka ukaota ukungu. Alitema dawa akaapa kwamba ameimeza. Mwaka 1943, wakati wa njaa, alikataa viazi, akadai wimbi ambalo halikupatikana kwenye kilima chochote. Kila mwezi Perpetua alitembea mpaka misheni kuungama dhambi ileile, na mwenyewe alipenda kuwasimulia wanawake wenzake.

"Padre, nimemkasirikia mkwe wangu. Juzi nimemwita jiwe."

"Ulimwita hivyo kabla ya kumwosha, au baada?"

"Nikiwa namwosha, padre."

Padre akamwambia aendelee kuungama, na aendelee kuosha.

Mwezi wa nane mwaka 1949, asubuhi moja maji yakiwa tayari, mzee alisema, "Mwanangu, fungua macho." Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Perpetua alisimama na kitambaa cha kuoshea mkononi. "Leo? Miaka kumi na mmoja unanipigia kelele, kushoto, kulia, na leo ndipo wataka nione?"

"Nimekuzoea," mzee akasema.

Akafungua. Akamkuta mdogo kuliko alivyomdhania. Akamtazama kwa muda, kisha akamgeuza kichwa. "Aa, baba! Nyuma ya sikio hili sijafika tangu vita vianze!" Mzee akacheka mpaka akakohoa. Alifariki siku ya tatu, akiwa safi mwili mzima.

Perpetua mwenyewe alishikwa na uvimbe wa tumbo mwaka 1957, akawa mgonjwa msumbufu sana. Alimkatalia Mong'ina, mke wa Thadeus, asimwoshe, akatema dawa, akaapa kwamba amemeza. Siku moja Mong'ina, uvumilivu ukiwa umemwishia, alikiondoa kile kitambaa cheusi ukutani, mahali Perpetua alipokitundika baada ya mzee kufa, akaanza kujifunga macho. Mgonjwa akamtazama mpaka alipopiga fundo. "Kifungue," akasema. "Haya ninayo. Lakini nalikumbuka lile sikio." Alifariki wiki hiyohiyo, na kitambaa bado hupelekwa kutoka mji hadi mji penye mzee asiyetaka kuguswa.

Nawe unayemuuguza mzazi, usidhani hasira yako imekutenga na mama huyu. Yeye pia alifoka. Muulize mgonjwa wako ni kitu gani kimoja anachotaka aachiwe, ukiheshimu, na kesho asubuhi upashe maji tena.