Tunguu la Tatu la Fundi Bomba

Watu wa mtaa ule walimwita Fundi tu, na aliyeuliza fundi wa nini alijulikana ni mgeni. Bomba likipasuka, choo kikiziba, sinki likivuja, anaitwa yeye. Miaka ishirini na sita alikuwa akipeleka maji yanakotakiwa na kuyazuia yasikotakiwa. Ajabu ni kwamba nyumbani kwake mwenyewe, kwenye kibustani cha ukubwa wa mikeka miwili, maji yalimshinda. Ndiyo maana wakasema kinyozi hajinyoi.

Chanzo kilikuwa mayungiyungi ya porini. Utotoni mwake, njia ya shule ilipita chini ya mteremko uliojaa maua hayo kila mvua zilipoanza, mekundu yenye kingo za manjano, petali zimejikunja kwenda juu. Hakuna aliyeyapanda wala aliyeyajali. Miaka mingi baadaye mteremko ukakatwa viwanja, na aliyepewa kazi ya kulaza mabomba ni nani? Ni yeye. Siku katapila lilipoanza kukwangua udongo, Fundi alisimama na spana mkononi akitazama matunguu ya maua yale yakibiringika kama vitunguu vilivyomwagika sokoni. Aliokoa matatu. Aliyatia kwenye mfuko wa vifaa, akayapanda chini ya dirisha la jikoni. Yaliyobaki yalifunikwa na zege, na mabomba yaliyopita juu yake aliyalaza kwa mikono yake mwenyewe. Jambo hilo lilimkera kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Sasa, ua hili lina tabia ya kuchosha watu. Kiangazi linalala. Majani yanakauka, shina linatoweka, unaweza kuapa kwamba limekufa, na wakati huo halitaki hata tone la maji. Fundi alimweleza mkewe hayo yote mara mbili. Mke akaitikia mara mbili, kisha kila asubuhi akamwagia tunguu la kwanza maji ya kuoshea vyombo. Fundi alipofukua, alikuta limekuwa uji.

"Nilikuonea huruma," mke alisema. "Ulivyokuwa unazunguka pale, mtu angedhani umefiwa."

"Si nilikwambia lisimwagiwe?"

"Fundi bomba anayebania maji! Watu watatuelewaje?"

Waligombana siku tatu, wakapatana. Mke ni mke, unaweza kugombana naye. Shida ilikuja mwaka wa pili, mama mkwe alipohamia kwao kwa sababu ya magoti.

Magoti yalimsumbua kwenye ngazi tu. Kwenye jembe hayakumsumbua hata kidogo. Mama yule hakuweza kuona jani bila kulilima, na yungiyungi changa lina jani jembamba kama nyasi. Jioni moja Fundi alirudi akakuta uwanja umefagiwa, matuta ya mchicha yamenyooka, na tunguu la pili limelala kwenye lundo la takataka, limekatwa katikati.

"Nimekusafishia, mkwe," mama alisema, akijifuta jasho. "Palikuwa pori."

"Asante sana, mama. Pole kwa kazi."

Wanasema adabu si adhabu. Waliosema hivyo hawakuwahi kuishi na mama mkwe mwenye jembe. Fundi hakulelewa kumkosoa mama wa mkewe, hata kuketi kabla yake aliona vibaya. Basi hasira zake alizimalizia kwenye mabomba ya watu. Kuna nati mtaani mule alizikaza kwa nguvu hivi kwamba mpaka leo hakuna anayeweza kuzifungua.

"Mwambie wewe," alimsihi mkewe.

"Nimwambie nini? Kwamba mchicha wake una makosa? Si unaula?"

Alikuwa anaula, tena anasifu.

Tunguu la tatu alilizungushia matofali. Mama akayachukua kuwekea pipa la maji. Alisimika kijiti, mama akakifanya cha kuegemeshea nyanya. Kwa bahati tu, jembe halikulifikia. Mwaka wa tano mvua zilipoanza, likatoa shina, na juu ya shina likatokea tumba. Fundi alikimbilia kwa mwalimu wa sayansi, mteja wake wa siku nyingi, ambaye alimwambia aliache ua lifunge mbegu, wala asiguse majani mpaka yakauke yenyewe, kwa sababu ndiyo yanayolisha tunguu. Fundi hakulala vizuri wiki nzima. Alishapanga kila kitu: mbegu zile angezirudisha mteremkoni, azipande kando ya nyua za nyumba zile zile alizoziwekea mabomba.

Siku tumba lilipoanza kufunguka, bomba kuu la shule likapasuka. Alishinda kutwa kwenye tope, akarudi ananuka mtaro. Mezani, ndani ya chupa ya sharubati, lilisimama ua jekundu lenye kingo za manjano. Mama mkwe alikuwa amevaa gauni lake la kutokea.

"Karibu, mkwe! Limechanua. Nimekukatia."

"Limekatwa, mama?"

"Chini kabisa, kama mchicha. Ndipo lichipue kwa nguvu."

Mke aliinamia sufuria kana kwamba kuna kitu kimemzamia mle. Fundi alifungua mdomo aseme asante, kama siku zote. Asante ikakataa kutoka.

"Kila siku wewe unasubiriwa na watu wenye shida zao," mama aliendelea. "Nikasema leo usubiriwe na kitu kizuri."

Hapo ndipo alipoumia hasa. Angekuwa amefanya kwa ubaya, Fundi angejua la kufanya.

"Mama, lilikuwa la mwisho," alisema, na baada ya hapo hakuweza kujizuia. Alisema yote: mteremko, katapila, mbegu, majani. Sauti ilipanda juu kuliko alivyokusudia. Mwiko ukamdondoka mkewe.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. "Na pale nilipopanda mchicha?"

"Lilikuwapo la pili."

"Nikakupa mchicha wenyewe, ukala."

"Nikala, mama."

"Ukasema mtamu."

"Nilisema."

Mama akavuta kiti, akakaa taratibu. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Miaka mitatu nakaa humu, masikio ninayo. Umeniheshimu mpaka ukaniacha nikuharibie."

Fundi alinawa mikono, akaketi. Alikuwa bado na hasira, na sasa hakujua amkasirikie nani. Alikula akiwa ametazamana na ua, na siku ya nne likadondosha petali zake kwenye kitambaa cha meza.

Mvua zilizofuata zilipoanza, pale chini ya dirisha hapakuota kitu. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama alikuwa amepazungushia mawe, na alipofagia alipita mbali. Wiki ya tano, Fundi akiwa nyumba ya watu, mkono mmoja umezama kwenye bomba la choo, simu ikalia.

"Mkwe! Jani!"

"Mangapi, mama?"

"Moja tu. Jembamba."

Jani moja. Kwa hesabu ya mwalimu, kuchanua ni baada ya miaka mitatu au minne, tena Mungu akipenda. Fundi alifumba macho.

"Usiliguse, mama," alisema. Hakuongeza asante wala pole.

"Nani aliguse? Wewe ndiye usije na mabuti yako hapa. Na huyu mkeo nimeshamnyang'anya ndoo."