Robo Kilo na Mizani ya Bafuni

Mume wangu ni mkaguzi wa mizani. Mwaka wa ishirini na mbili huu anazunguka masokoni na mawe yake ya chuma, anapima mizani za watu, zilizo sawa anazipiga muhuri, zenye hila anazifungia. Wauza nyama wakimwona anaingia, wanaanza kufuta sahani za mizani kama wanapokea wakwe. Wamempa jina la Robo Kilo, maana hiyo robo kilo wanayoiba ndiyo anayowakamatia, na jina lenyewe analipenda. Kichekesho ni kwamba Robo Kilo mwenyewe alifika kilo mia moja hamsini na sita.

Cheka tu, hata mimi nilikuwa nacheka, mpaka siku nilipoacha. Sukari ilimpanda, magoti yakamgomea, na sisi tunakaa ghorofa ya pili. Ngazi akawa anazipanda kwa vituo. Jirani wa ghorofa ya kwanza, Mama Pacha, alimhurumia akamwekea kiti nje ya mlango wake. Nikimsikia huko chini anavyoitafuta pumzi, roho yangu inaning'inia. Baba yake alikufa na miaka hamsini na moja, na yeye ana arobaini na tisa. Kwa hiyo daktari aliposema kuna upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, mimi ndiye niliyesema ndiyo kabla ya mgonjwa. Wifi yangu akadai nampeleka mdogo wake akachinjwe. Nikamwambia, wifi, tukikaa hivihivi tutamzika sote wawili. Tukanuniana mwezi mzima.

Basi, akapasuliwa salama, akarudi nyumbani, na kilo zikaanza kukimbia. Akanunua mizani ya bafuni, na kila asubuhi akawa anaandika namba ukutani kwa penseli huku anapiga mluzi. Wiki ya saba aliandika mia moja thelathini na moja. Wiki ya nane, mia moja thelathini na moja. Ya tisa, hiyohiyo. Mluzi ukakatika.

Jamani, mngemwona. Alianza kujipima mara nane kwa siku, kabla ya kuoga na baada ya kuoga, kabla ya kunyoa ndevu na baada ya kunyoa. Akavua saa. Akavua miwani, halafu namba haioni, ananiita nikamsomee. Siku moja nimeingia nikakuta pete ya ndoa juu ya sinki. Nikamuuliza, kwa ule upole wangu anaoujua mwenyewe, hiyo pete ina kilo ngapi. Aliirudisha kidoleni mbio. Na wifi naye hakuchelewa, akapiga simu kuuliza kama ndiyo imeishia hapo.

Hayo yote ningeyameza. Lakini tulipotoka hospitali muuguzi wa kliniki alituagiza mambo matatu: ale vyakula vya kujenga mwili kwanza, anywe maji funda funda mchana kutwa, na ajipime mara moja tu kwa wiki. La mizani mmeshalisikia. Yai akawa analiacha nusu. Ijumaa jioni nikaona chupa yake ya maji imejaa vilevile nilivyoijaza asubuhi. Jumamosi mchana bado imejaa, na midomo imeanza kumkauka. Nikambana hapohapo jikoni, naye akanijibu kwa sauti yake ya kazini.

"Lita moja ya maji ni kilo moja. Hayo si maoni yangu, hicho ni kipimo. Sasa ninywe kilo moja na nusu kila siku, halafu nishangae siteremki?"

Haki ya Mungu! Mtu ana cheti kimetundikwa sebuleni! Nikampigia muuguzi, akasema si wa kwanza. Mwili uliopungua kwa kasi hufika mahali ukatulia, ukajipanga upya, na wengi hukaa hivyo wiki mbili tatu au hata zaidi, kisha kilo zinaendelea kushuka. Mizani kugoma hakumtishi. Kinachomtisha ni mgonjwa asiyekunywa maji, maana hao ndio wanaorudishwa wodini kutundikiwa dripu. Asipokunywa leo, akasema, kesho asubuhi umlete.

Nikamweleza mume wangu neno kwa neno. Alinisikiliza vizuri sana, kisha akasema hawezi kunywa chochote kwa ushahidi wa mizani ambayo haijakaguliwa. Mawe yalikuwa chini kwenye gari la kazi, maana asubuhi alitoka sokoni, na daktari alishamruhusu kubeba vitu wiki iliyopita. Akashuka.

Nilisimama mlangoni na chupa yangu ya maji, nimevimba kwa hasira. Jiwe la kwanza la kilo ishirini likapita mbele yangu, nikalisindikiza kwa maneno. La pili likapita, na maneno bado ninayo. La tatu lilipokuwa linapanda, nilijikuta nimenyamaza, nainama kuchungulia ngazini. Mama Pacha alikuwa amekikalia kile kiti mwenyewe, anamenya njegere. Mume wangu akampita na jiwe lake mkononi, akamwambia, "Za mchana, Mama Pacha," akaendelea kupanda. La nne hivyohivyo. La tano hivyohivyo. Jasho lilimtoka, sikatai, lakini mguu haukusita.

Bafuni aliyapanga mawe matano, akarudi nyuma, akasoma. Kilo mia moja kamili. Akaigonga mizani, akaisogeza kwenye kigae kingine, akapanga tena. Mia moja kamili. Akakaa kwenye kizingiti cha bafu, uso umemshuka, mpaka hasira yangu yote ikayeyuka.

"Mizani nzima," akasema. "Basi mbovu ni mimi."

"Umepumzika wapi?" nikamuuliza.

"Nimepumzika nini?"

"Ulipokuwa unapanda. Mara tano, na kilo ishirini mkononi. Ulikaa wapi?"

Sasa, huyu si mtu wa kukubali jambo bila shahidi. Aliinuka, akashuka mpaka kwa Mama Pacha, akamuuliza kwa heshima zote kama mchana ule alikaa kwenye kile kiti. Nilimsikia Mama Pacha akicheka mpaka njegere zikamwagika. Akamwambia, baba, kiti nimekikalia mimi tangu adhuhuri, wewe ungekaa wapi?

Mizani ilikaa palepale siku tisa zaidi, halafu asubuhi moja ikashuka kilo moja na nusu, na penseli ikarudi ukutani. Lakini mimi siku yangu ilikuwa ile Jumamosi. Alipoanza kupanda kutoka kwa Mama Pacha, nilimwambia toka juu kwamba chupa inamsubiri, lita moja na nusu. Akanijibu hukohuko ngazini kwamba leo saa zimeshakwenda, kwa haki anadaiwa nusu lita tu, na kwamba chupa yangu yenyewe haina alama ya kipimo, na kwamba muuguzi hakusema mpaka saa ngapi. Alikuja anabisha kidato kwa kidato, na sauti haikukatika. Miaka minne mume wangu alikuwa anapanda zile ngazi bila kusema neno, kwa sababu pumzi ilikuwa haitoshi kwa yote mawili. Machozi yalinitoka, na nikambishia kila neno ili asinyamaze.