Nilivyomnawisha kijana mikono, na samaki akachelewa kuiva

Jumapili, Pasiansi, Mwanza. Manyunyu tangu alfajiri, mchana jua likatoka na ziwa likang'aa kama sufuria mpya.

Wakuu, heshima kwenu. Mimi nimeishia darasa la saba, nikikosea kuandika mnivumilie. Naeleza nilichokiona. Nisichokiona nitasema sikukiona.

Ni mhudumu wa mgahawa kwenye hoteli ndogo kando ya ziwa. Mwezi uliopita bosi alituwekea semina ya usafirishaji haramu wa binadamu. Alikuja mama mmoja wa ustawi wa jamii, akatufundisha dalili: mtu mmoja anawasemea wenzake wote, kashika simu na vitambulisho vyao, wao wanakwepa macho ya watu.

Tukafanya igizo. Mimi nikapewa nafasi ya mhudumu, yaani kazi yangu ileile! Nikamfuata mhanga, nikamuuliza kwa sauti mbele ya mtekaji wake: "Dada, umetekwa?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee Bujiku, mpishi wetu, alicheka mpaka akavua miwani.

Yule mama, mwalimu wetu, akasema, "Hapo umemchoma kwa mtekaji wake, mwanangu. Tafuta nafasi ya kawaida, uliza kidogo, kamwambie mkubwa wako. Usijifanye askari."

Tangu siku hiyo jikoni naitwa Umetekwa.

Wiki iliyofuata, mchana, akaingia baba mmoja nadhifu na vijana wawili. Nikiwauliza vijana soda gani, anajibu yeye. Simu zote tatu ziko mbele yake.

Zile dalili za semina zikanijia. Lakini nikajiambia, mbona hata mjomba wangu hutuagizia wote bila kutuuliza? Na simu labda kawashikia tu. Nisije nikamchafulia mtu jina bure.

Ndipo nikakumbuka jagi.

Kwetu meza za nje hazina sinki. Mhudumu anapita na maji ya uvuguvugu na beseni, anamnawisha mteja mmoja mmoja. Unainama, uko karibu na sikio lake, na hakuna wa kukuzuia, maana ugali hauliwi na mikono michafu.

Nikaanza na yule baba, kwa adabu. Akanawa, simu yake ikaita, akageukia ziwani kuongea. Nikahamia kwa kijana wa mwisho, nikamimina polepole.

"Mnaenda wapi, mdogo wangu?"

"Sijui, dada. Alisema kazi ya hoteli hapahapa Mwanza. Sasa anasema leo tunavuka mpaka."

"Kitambulisho unacho?"

"Anavyo yeye. Nimemwomba nirudi kwetu Magu, kakataa."

Maji yaliisha, nikaendelea kumimina hewa.

Nikaenda kwa bosi. Kwa haki yake niseme, aliogopa, na alikuwa na sababu. "Una uhakika? Yule ni mteja."

"Sina, bosi. Nimesikia hivyo tu."

Akanitazama, kisha akapiga simu polisi, na kwa yule mama.

Sasa shida: wakishakula, wanaondoka. Mzee Bujiku akasema, "Umetekwa, samaki niachie mimi."

Wakuu, sato yule alikaangwa taratibu kama geti linachomelewa!

Yule baba akaita, "We dada, samaki gani huyo, mmemfuata Ukerewe?"

Mzee Bujiku akachungulia dirishani: "Mkubwa, huyu ana mgongo mnene. Ukimharakisha utamla mbichi!"

Vijana wakacheka. Mara ya kwanza tangu waingie.

Askari walikuja na nguo za kiraia, wakamsalimia, wakaondoka naye bila kelele. Hakunitukana hata neno moja, hilo nalo niliandike. Mimi si hakimu, kesi iko kwa wanaohusika. Ninachojua, kesho yake vijana walikuwa kwao.

Leo natoka zamu, namkuta mama mmoja mlangoni kwangu na kiroba cha mchele, pembeni yake mwanawe, kijana yule wa jagi. Anaitwa Shija. Mzee Bujiku ndiye kawaleta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Umetekwa?"

Nimecheka mpaka machozi. Naye kalia, mimi nikafuata.

Nilichojifunza: ushujaa sina, nafasi ninayo, iko kwenye kazi yangu ya kila siku. Ila bado najiuliza, je, ningekuwa nimekosea? Nimempigia mwalimu, kanijibu, "Ungekuwa umemnawisha mteja mikono, basi."

Wahudumu wenzangu, na nyie mnaolala lodge, ningefanya nini zaidi? Nikosoeni.

Usiku huu nyumbani tumekula wali wa Magu na sato. Mzee Bujiku ndiye kakaanga, na safari hii samaki aliiva upesi. Shija kapita na jagi kutunawisha wote, kaanza na mimi.